Hakuna Aliyepuliza Filimbi

Jumatano, baada ya shule

Kwako Baba,

Habari za Otonglo? Goti lako linaendeleaje, lile la kushoto ulilogongwa na mpira ukakataa kupelekwa hospitali ya Kombewa? Ulimwambia dada yako Waya kwenye simu kwamba limepona. Mimi nikamwambia Waya, Baba husema limepona akiwa amekaa. Mama naye, mgongo unamwachilia? Amepata mtu wa kumsaidia kuingiza meza ya nyanya jioni, ama bado anaibeba peke yake akisema ni nyepesi? Na Omondi amerefuka kiasi gani? Kama amenipita usinifiche.

Huku tu wazima. Waya anafanya zamu mbili kwenye ile nyumba ya kutunzia wazee. Anarudi miguu imevimba, anavua viatu mlangoni na kusema, "Yawa, wazee wa huku ni wazito kuliko wetu, sijui wanakula mawe." Baridi imefika ile ya kuuma ndani ya pua. Juzi nilitoka na nywele mbichi, nikafika shuleni zimekuwa ngumu kama waya wa sengenge.

Nakuandikia kwa Kiswahili kama ulivyoniagiza, kisije kikaota kutu. Lakini kuna sababu nyingine, nitasema kweli. Hapa hakuna anayekisoma. Waya mwenyewe akikutana na Kiswahili cha kurasa mbili hupiga miayo. Naweza kuiacha karatasi hii mezani na hofu yangu yote imo ndani, na hakuna atakayejua. Kwa simu nisingeweza. Simu ya Mama huwekwa sauti ya juu pale sokoni, nikisema neno hadi muuza mitumba wa ng'ambo ya barabara anajibu. Barua ataileta Bwana Harjit, yule Sikh mwenye gereji ya malori hapa mjini. Alizaliwa Kisumu na Kijaluo chake kinanishinda. Ijumaa anasafiri kwenda huko kumwona nduguye, na ameapa ataifikisha mkononi mwako hata kama itabidi aulize njia kwa kila mbuzi wa Otonglo.

Baba, nimefanya jambo. Siku ya nne leo nimelikalia, na kila mlango ukigongwa moyo unaruka. Wacha nianze mwanzo, kwa sababu nikianzia mwishoni utadhani nimeiba dukani.

Unakumbuka nilikuambia nimeingia timu ya shule, ukauliza kama ni netiboli? Sikukujibu vizuri. Ni mchezo unaoitwa curling. Unachezwa juu ya barafu, ndani ya jumba refu lenye baridi kama vile vyumba vya kuhifadhia samaki Port Victoria. Mnakuwa wanne. Kila mmoja anasukuma jiwe la mviringo, zito kama jerikeni ya lita ishirini iliyojaa, lenye mkono juu kama wa birika. Unateleza nalo kwa goti, halafu unaliachilia liende lenyewe hadi upande wa pili, mbali kama kutoka golini hadi karibu katikati ya uwanja. Huko kuna miduara imechorwa. Ambaye jiwe lake litakaa karibu zaidi na kitovu cha miduara, huyo ndiye anayepata alama. Na wachezaji wawili wanakimbia mbele ya jiwe wakifagia barafu ili liteleze mbali zaidi. Ndiyo, Baba, wanafagia kwa ufagio. Mama akisikia atasema nimepanda ndege kwenda kufagia.

Anayetufundisha ni mama mmoja wa makamo anaitwa Doreen, ana sauti ya kukwaruza kama redio isiyoshika stesheni. Siku ya kwanza alinipa karatasi yenye maneno ya mchezo. "Jifunze haya kwanza," akasema. "Ukishayajua maneno, miguu itafuata." Nikatafuta daftari nikayapanga kama unavyowapangia wanafunzi wako msamiati, neno kushoto, Kiswahili chake kulia. Ile miduara wanaiita nyumba. Kitovu cha nyumba ni kifungo, kama kifungo cha shati. Jiwe la mwisho kabisa katika kila awamu ni nyundo, na timu yenye nyundo ndiyo yenye bahati. Jiwe unalolisimamisha mbele ya nyumba kuwazibia wengine njia ni mlinzi, mimi nikaandika askari wa geti. Halafu kuna mistari miwili, mmoja kila upande, inayoitwa mistari ya nguruwe. Nikamuuliza Doreen kwa nini nguruwe.

"Mtoto, hata mimi sijui," akasema. "Jiwe lisipovuka wa mbali linatolewa. Basi."

Brenna, nahodha wetu, alicheka mpaka akakaa kwenye barafu. Ana miaka tisa akicheza na hajawahi kuuliza.

Hapo ndipo nilipopata marafiki. Na hapa pia kuna jambo sikuwahi kukuambia. Tangu nifike mwaka jana, chakula cha mchana nilikuwa nakulia chooni. Si kwamba nilitukanwa. Hakuna aliyenitukana. Hawakuniona tu, na mimi sikujua mtu anafanyaje aonekane. Mwalimu akisoma jina langu alikuwa anafika katikati anakohoa. Kila uliponiuliza kwenye simu habari za shule nilisema nzuri, na Waya pembeni akitikisa kichwa kwa furaha. Brenna ndiye wa kwanza kulitamka lote. Adhiambo. Alilirudia ndani ya basi mara sita, na Kaylee, yule ninayefagia naye, akawa anamsahihisha kana kwamba yeye ndiye aliyezaliwa kwetu Seme. Wa nne ni Ruth, mkimya kama mimi, naye alisogea tu kwenye kiti akanipa nafasi. Tangu siku hiyo nakula mezani kama watu.

Nakueleza hivyo ili ujue ninachoogopa kupoteza. Si kikombe cha ushindi. Kikombe chenyewe ni cha plastiki.

Sasa, katika lile daftari kulikuwa na neno moja niliandika bila kulifikiria. Jiwe likiwa linatembea na ukaligusa, kwa ufagio, kwa kiatu, hata kwa ncha ya suruali, wanasema limeungua. Nikaandika: jiwe lililoungua, yaani limeguswa, limeharibika. Nikafunua ukurasa. Chini yake Doreen alikuwa ameandika kwamba aliyeligusa ndiye anayesema. Yeye mwenyewe, palepale. Mchezo huu hauna refa wa kukimbia na filimbi, Baba. Kuna watu wamekaa pembeni wa kupima umbali mkibishana, basi. Mchezaji anajichezesha na kujihukumu mwenyewe. Mimi nilisoma nikadhani ni maneno ya adabu ya kubandika ukutani, kama lile tangazo la shuleni kwetu la "Usikimbie kwenye varanda," ambalo hakuna anayelifuata mpaka mwalimu wa zamu atokee.

Jumamosi tulicheza na timu ya mji wa jirani. Mshindi angekwenda mashindano ya mkoa wiki inayofuata. Tulikwenda sare hadi awamu ya mwisho, na nyundo ilikuwa yetu. Wao walikuwa na jiwe ndani ya nyumba, karibu kabisa na kifungo. Sisi tulibakiwa na jiwe moja la Brenna. Wazazi nyuma ya kioo walinyamaza wote kwa pamoja, ukasikia mashine za baridi zinanguruma. Ruth alisimama ndani ya nyumba akiwa amesimika ufagio wake kumwonyesha Brenna pa kulenga. Mimi na Kaylee tukainama.

Brenna akaliachilia. Niliona mapema kwamba nguvu ni ndogo. Ruth akapaza sauti, yule Ruth asiyesema, "Fagieni! Kazeni!" na Brenna nyuma yetu, "Kazeni! Kazeni!" Tukafagia hadi mabega yakawaka. Tukavuka mstari wa nguruwe wa mbali. Jiwe lilikuwa linakufa, unaliona kabisa linavyolegea kama mtu anayesinzia. Nikausogeza ufagio karibu nalo zaidi, na zaidi tena, nikasikia viganjani. Tk. Kitu kidogo sana. Kama ukucha unapogusa sufuria.

Nikainua macho.

Hiki ndicho nataka ukijue kabla hujakasirika. Niliinua macho kumtafuta wa kupuliza. Kweli, Baba. Nilisubiri filimbi. Kwetu shuleni mtu hajitaji. Mwalimu akiuliza ni nani aliyekuwa akipiga kelele, darasa zima linatazama sakafu hadi kiranja asome majina. Nyumbani hali kadhalika, mtoto hajitangulizi mbele ya wakubwa, anangoja aulizwe. Mimi nilingoja kuulizwa. Na wakati nangoja nilikusikia wewe.

Unaikumbuka ile mechi ya Otonglo uliyochezesha, ambapo kijana mmoja mrefu aliuweka mpira wavuni kwa mkono, na jua lilikuwa limekuelekea usoni? Watu wakakuzingira. "Refa! Macho umeyaacha kwa fundi?" "Mwalimu, leo umekula samaki wa nani?" Wewe ukasimama hapohapo na filimbi yako, ukasema polepole kama unasoma imla, "Refa asichokiona hakikutokea. Mpira kati." Niliona fahari sana. Wakanyamaza, mchezo ukaendelea. Na yule kijana alipita karibu na pale nilipokaa, akanikonyeza.

Maneno yako yalinijia kichwani kwa sauti yako wakati jiwe bado linateleza. Refa asichokiona. Sikulaumu. Kidogo tu nakulaumu, kisha najilaumu kwa kukulaumu.

Jiwe likaenda likasimama upana wa vidole viwili karibu zaidi kuliko lao. Kaylee akanirukia shingoni, Brenna akaja anateleza kwa magoti akilia na kucheka. Tukapeana mikono na wale wengine. Huku mkono ndio mwisho wa mchezo, ukishashikwa matokeo yamekaa. Niliwapa wote wanne mkono wangu, nikasema "mmecheza vizuri," mara nne.

Na kumbuka hili, kwa sababu ndilo linalonitafuna. Kwa kuwa jiwe lilikuwa limeshavuka mstari wa nguruwe, kama ningesema, uamuzi ungekuwa wao. Nahodha wao angechagua, liondolewe ama liachwe. Lingeondolewa, lao ndilo lingekuwa karibu zaidi na kifungo, na ushindi ungekuwa wao. Ulikuwa uchaguzi wake yule msichana, na nilimnyang'anya kabla hajajua kwamba alikuwa nao.

Halafu kuna desturi. Mchezo ukiisha, timu mbili zinakaa meza moja, na walioshinda wanawahudumia walioshindwa kinywaji. Watu wazima wanakunywa pombe, sisi tulikunywa kakao. Fikiria mimi, nimebeba vikombe viwili, natembea hadi kwa nahodha wao, msichana mrefu anaitwa Hallie, macho bado mekundu. Nikamwekea kikombe mbele. Akaniambia, "Wewe ndiye mfagiaji wa kushoto, sivyo? Lile jiwe lilikuwa limekufa. Wewe ndiye uliyelifufua."

Nilisema asante. Baba, nilisema asante!

Jumapili Brenna alitualika kwao. Baba yake alikuwa amerekodi awamu yote ya mwisho kwa simu, akasema tutaitazama kwenye televisheni kubwa. Nilikaa mwisho wa kochi karibu na mlango. Nilikuwa nimeshapanga kwamba ikionekana nitatoka na soksi zangu hivyohivyo nikimbie kwenye theluji. Ikaanza. Jiwe likaja, fagio zinakwenda, mimi nimeuma mto. Na pale penyewe, Baba, mgongo wangu ukaziba. Huoni ufagio, huoni jiwe, unaona jaketi langu tu. Wakarudisha nyuma mara tatu, wakishangilia kila mara.

Ungedhani nilipumua. Ndipo nilipoogopa kwelikweli. Mpaka hapo nilikuwa naogopa kukamatwa, na kukamatwa nakujua, kuna mwalimu, kuna fimbo, kuna kulia, kunaisha. Sasa hakuna atakayenikamata maisha yangu yote. Hakuna wa kuuliza. Nimebaki mimi na ile tk kwenye viganja, na naisikia nikishika kijiko, nikishika mlango, nikishika kalamu hii.

Kesho kuna mazoezi saa kumi. Nikisema, Brenna ndoto yake imekwisha kwa sababu yangu, na Kaylee mama yake na dadake walicheza mkoani kabla yake, yeye ndiye aliyebaki. Nikinyamaza, wataendelea kulitamka jina langu vizuri, na kila wakilitamka nitajua wanamwita mtu mwingine. Sijui nitafanya nini. Waya amepika samaki wa kopo na ugali kunifurahisha, na nimemwambia nimeshiba.


Alhamisi, nimetoka mazoezini

Usiangalie mwandiko, vidole bado vimekufa ganzi kwa baridi.

Nimesema.

Nilimkuta Brenna kwenye benchi anafunga viatu. Nikakaa karibu naye nikasema kwa ile sauti yangu unayoijua, ile ambayo Mama husema hata kuku hawezi kuisikia. Akasema, "Nini?" Nikarudia. Akasema, "Adhiambo, sikusikii, hizo mashine zinapiga kelele." Basi ikabidi niseme kwa nguvu, na wakati huohuo mashine zikazimika, sijui ni shetani gani aliyezizima. Sauti yangu ikatoka peke yake katika jumba zima: "NILILIUNGUZA JIWE LAKO LA MWISHO."

Mtu wa barafu, yule anayetembea kinyumenyume akinyunyizia matone kama anayempulizia ng'ombe dawa ya kupe, alisimama. Ruth alisimama. Kaylee alikuwa amekwisha kuingia kwenye barafu, akarudi polepole.

"Umesema nini?" akauliza.

"Jumamosi. Baada ya mstari wa nguruwe. Niliugusisha ufagio."

"Kidogo?"

"Kidogo."

"Sasa kidogo ni kitu gani? Tumeangalia video mara tatu. Hakuna kitu pale."

"Mgongo wangu umeziba," nikasema.

Uso wa Brenna ulikuwa mweupe, ukawa mweupe zaidi. Doreen alikuja, akasikiliza yote, akaniuliza swali moja tu, "Una uhakika?" Nikasema ninao. Akasema kwa kanuni hakuna kinachobadilika, mkono ulishashikwa, ushindi ni wetu. Timu inaweza kujiondoa yenyewe, na ikijiondoa basi waliokuwa wa pili ndio wanaokwenda mkoani. Lakini hiyo inataka barua yenye saini za wote wanne, na ifike kwake kabla ya Ijumaa saa sita mchana. "Wote wanne," akasema. "Na mimi siwaambii mfanye nini." Akaenda zake kupanga mawe ambayo tayari yalikuwa yamepangwa.

Nilitaka aniambie la kufanya, Baba. Nilitaka hata anipige.

Brenna akatoa simu, akatafuta namba, akaibonyeza, akanikabidhi. "Mwambie Hallie," akasema. Hayo tu.

Simu iliita mara nyingi. Alipopokea nilisikia mbwa anabweka na mtu anaosha vyombo. Nikajitaja. Nikamwambia nililigusa jiwe lilipovuka mstari, na kwamba nilijua, na kwamba sikusema, na kwamba nilimletea kakao huku najua. Kiingereza kilinikimbia, nikawa naokota neno mojamoja. Maji ya vyombo yakafungwa. Nilidhani amekata.

Kisha akasema, "Ningeliondoa."

Hakusema nimekusamehe. Hakusema si kitu. Alisema hivyo tu, ningeliondoa, kama mtu anayejibu swali aliloulizwa Jumamosi. Halafu akasema ameshasikia, akaaga.

Niliandika barua ya kujiondoa mimi mwenyewe, kwa kuwa mimi ndiye niliyeligusa. Mistari mitatu. Nikatia saini. Brenna akatia saini akiwa amesimama, haraka, kama mtu anayemeza dawa. Ruth akatia. Kaylee alichukua ufagio wake akautupa kwenye benchi, ukadunda ukaanguka chini. "Mimi sikugusa kitu," akasema. "Kwa nini nisaini? Mimi sikugusa kitu!" Akatoka bila koti, na nje kulikuwa na baridi ya kuua.

Brenna aliniambia niichukue karatasi. Hakunirudisha kwa gari lao kama kawaida. Nilikwenda kwa miguu, na sikumlaumu.

Waya amejua. Nilimwambia nikiwa bado na viatu. Alikaa kwenye ngazi, akaniangalia, akasema, "Nyathina, mwanangu, na siku zote hizo ulikuwa unakula chooni?" Baba, katika yote hayo, hicho ndicho alichokisikia. Akaanza kulia yeye, mimi ndiye niliyembembeleza.


Ijumaa asubuhi

Bwana Harjit ameshafika. Yuko nje kwenye gari, Waya amempelekea chai. Naandika haraka.

Saa moja mlango umegongwa. Ni Kaylee. Lori la baba yake liko barabarani linanguruma, na yeye yuko ngazini, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi.

"Iko wapi?"

"Ingia ndani, kuna baridi."

"Nimeuliza iko wapi."

Nikaileta pamoja na kalamu. Akaikandamiza ukutani pale mlangoni, akatia saini kwa nguvu hadi kalamu ikatoboa karatasi. Akanirudishia zote mbili, karatasi na kalamu.

"Ungesema palepale," akaniambia. "Palepale, Adhiambo. Ningekuwa nimesimama na wewe."

Jina alilitamka sawasawa, kila herufi mahali pake. Hilo ndilo lililoniuma kuliko ufagio aliotupa. Kisha akaenda. Hakugeuka, nami sikumwita, maana ningemwita niseme nini?

Karatasi iko kwenye mkoba wangu sasa. Nitampelekea Doreen kabla ya somo la kwanza. Jumatatu sijui kama wataniachia nafasi mezani, na siwezi kuwauliza. Naogopa, Baba. Naogopa kuliko siku ile niliyopanda ndege. Lakini chooni sirudi, hata kama itabidi nikae peke yangu katikati ya watu wote wakiniona.

Tafadhali barua hii usimsomee Mama pale sokoni. Msomee nyumbani, mlango ukiwa umefungwa, na akianza kusema nilijua tu, mwambie nami nilijua. Nisalimie Omondi, mlinda lango wetu, mwambie glavu zake nimeshazipata na nitazituma. Mpe salamu Mama Auma muuza chapati, aliyenifungia nne za safari. Nisalimie pia Ouma, binamu yangu anayekuchorea mistari ya uwanja kwa majivu. Kwa wajumbe wa timu ya Otonglo usiseme chochote. Waya anakusalimu, anasema goti ulipeleke hospitali, si ombi.

Ukikasirika, nikasirikie kwa barua, si kwa simu. Niandikie kwa wino, nisome polepole.

Ni mimi, uliyenipa jina la mama yako, niliyeligusa jiwe,

Adhiambo